Bibi Ethelwynn Trewavas na Perege wa Mito Yetu

1. Daraja la Mbuyuni

Ndugu msomaji, kama unakaa Ruaha Mbuyuni, au kama umewahi kupita hapo kwa basi, unalijua daraja. Upande mmoja ni Mkoa wa Morogoro. Upande wa pili ni Mkoa wa Iringa. Chini ya daraja unapita Mto Ruaha Mkuu.

Maji ya mto huu yametoka mbali. Yameanza katika milima ya Mbeya na Iringa. Yamepita katika bonde la Usangu, yakaingia katika bwawa la Mtera, ndipo yakafika hapa kwenye mibuyu. Kutoka hapa yanakwenda Kidatu, kisha yanaingia katika Mto Rufiji, na Rufiji unayapeleka baharini. Wakulima wa Mbuyuni huyatumia maji haya kumwagilia vitunguu na nyanya. Lakini leo hatuzungumzi habari za vitunguu. Tunazungumza habari za samaki.

Bila shaka umekula perege. Ni samaki bapa, mwenye miiba mikali mgongoni na magamba mapana. Perege yupo Ruaha, yupo Rufiji, yupo Kilombero. Yupo pia katika Mto Wami, kaskazini ya Morogoro. Ukienda mbali kusini mpaka Mto Zambezi, utamkuta perege huko pia.

Sasa fikiri hivi. Mtu amekuwekea perege watatu juu ya jani la mgomba. Mmoja ametoka Ruaha, mmoja Wami, na mmoja Zambezi. Je, utaweza kusema kila mmoja ametoka wapi? Mimi siwezi. Miaka ya 1950 hata wataalamu wengi hawakuweza. Waliwaita wengi wao kwa jina moja tu, wakawachukua na kuwapeleka nchi za mbali kwa jina hilo. Baadaye ikaonekana kwamba jina lilikuwa na makosa.

Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ya kuwatenganisha samaki hawa alikuwa mwanamke. Jina lake ni Ethelwynn Trewavas. Jina hili ni gumu kidogo kwetu. Lisome polepole: E-thel-wynn Tre-wa-vas. Katika kitabu hiki tutamwita Bibi Trewavas.

2. Mwalimu anaacha darasa

Bibi Trewavas alizaliwa tarehe 5 Novemba 1900 huko Penzance. Penzance ni mji wa bandari, kusini-magharibi kabisa ya Uingereza. Watu wa pande hizo wamezoea bahari na uvuvi. Alisoma shule, akaendelea na masomo ya juu katika mji wa Reading, kisha akafundisha shule kwa muda.

Lakini moyo wake ulipenda kuchunguza viumbe. Utafiti wake mkubwa wa kwanza haukuwa wa samaki. Ulikuwa wa vyura. Aliwapasua vyura wa aina nyingi na kuitazama mifupa midogo ya koo, ile inayobeba ulimi na kutoa sauti. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1933. Huenda ukacheka kusikia kwamba mtu mzima, msomi, alitumia miaka kutazama koo za vyura. Lakini hapo ndipo alipojifunza kuona tofauti ndogo katika mfupa mdogo, na ujuzi huo ndio uliomsaidia maisha yake yote.

Mwaka 1928 alianza kazi katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London, upande wa viumbe. Alikuwa msaidizi wa Bwana Charles Tate Regan, mtaalamu mkubwa wa samaki, ambaye pia alikuwa mkuu wa jumba hilo. Mwaka 1935 aliajiriwa rasmi kuwa mmoja wa watunzaji wa samaki wa makumbusho hayo.

Lazima tuseme jambo moja hapa. Katika Uingereza ya wakati huo, mwanamke mtumishi wa serikali alitakiwa kuacha kazi akiolewa. Kanuni hiyo ilikuja kuondolewa mwaka 1946. Mwanamume aliweza kuoa na kuendelea na kazi yake. Mwanamke hakuweza. Bibi Trewavas hakuolewa. Alikaa na kazi yake.

3. Samaki katika chupa

Jumba hilo la London lina maelfu kwa maelfu ya samaki. Hawakuwekwa kwa ajili ya kuliwa. Wamewekwa katika chupa za kioo zenye spiriti ili wasioze. Kila chupa ina kikaratasi. Kikaratasi kinaeleza samaki alivuliwa mto gani au ziwa gani, lini, na nani alimleta. Samaki asiye na kikaratasi hana faida kubwa. Ni kama mtu aliyeokotwa njiani, asiyejua kwao wala jina la baba yake.

Wengi wa samaki hao walitoka Afrika. Walipelekwa na wasafiri, maofisa wa serikali ya kikoloni na wamisionari. Mwaka 1922, kabla Bibi Trewavas hajafika hapo, mtaalamu wa makumbusho hayo aliyeitwa Bwana J. R. Norman alieleza samaki wawili wapya kutoka Tanganyika. Mmoja wao alikuwa perege wa Rufiji. Alimpa jina la urolepis. Neno hili limetokana na Kiyunani, na maana yake ni magamba ya mkia. Perege huyu ana magamba madogo madogo yaliyopanda mpaka juu ya pezi la mkia. Perege wa Ruaha ni wa ukoo huu, kwa kuwa maji ya Ruaha ni maji ya Rufiji.

Je, mtaalamu hufanyaje kumtambua samaki? Hafanyi uchawi. Huhesabu na kupima. Hebu tumtazame Bibi Trewavas mezani pake.

Kwanza anahesabu miiba ya pezi la mgongoni. Perege wengi wana miiba kama 16 au 17. Kisha anahesabu miale laini inayofuata nyuma ya miiba. Anahesabu miiba ya pezi la chini, karibu na tundu la haja. Anahesabu magamba ya ubavuni, moja moja, kutoka kichwani mpaka mkiani. Anafunua matamvua na kuhesabu vijino vinavyochuja chakula. Anapima urefu wa kichwa, upana wa jicho, urefu wa taya. Kwa picha ya eksirei anahesabu pingili za uti wa mgongo bila kumpasua samaki.

Tena kuna mfupa wa koo. Siku utakapomla perege, mtafute. Nyuma kabisa ya mdomo, mahali chakula kinapoingia tumboni, kuna mfupa mdogo wenye pembe tatu. Juu yake yamepangwa meno membamba sana, kama nywele za brashi. Samaki hutumia mfupa huo kusaga chakula chake. Umbo la mfupa huo na meno yake hutofautiana kwa aina mbalimbali za samaki. Mwanamke aliyeanza na koo za vyura aliujua vizuri mfupa huu.

Samaki mmoja hatoshi. Wapo samaki wanene na wembamba, wakubwa na wadogo, kama tulivyo sisi. Kwa hiyo ni lazima kupima wengi, madume na majike, wakubwa na wachanga. Baada ya kupima wengi ndipo mtu anaweza kusema kwamba hii ni tofauti ya aina nzima, wala si ya samaki mmoja.

Na pale mtaalamu anapotoa jina jipya, humchagua samaki mmoja na kumweka chupani awe shahidi wa jina hilo. Ni kama jiwe la mpaka wa shamba. Ukitokea ubishi baada ya miaka 50, watu hurudi kwenye jiwe na kutazama.

4. Safari ya Ziwa Nyasa

Mwaka 1935 Bibi Trewavas alichapisha maelezo juu ya samaki wa Ziwa Nyasa, yaani samaki wa jamii ya perege na ndugu zake. Ziwa hili ni la jirani zetu wa Kyela. Lina samaki wa aina nyingi ajabu. Aliwaeleza kutokana na samaki wa chupani.

Miaka michache baadaye alipata nafasi ya kulitazama ziwa lenyewe. Mwaka 1939 alishiriki katika uchunguzi wa samaki na uvuvi wa Ziwa Nyasa. Alikuwa pamoja na Bibi Kate Bertram na Bwana Borley. Bibi Bertram hakuwa mgeni wa pande zetu. Kabla ya kuolewa aliitwa Kate Ricardo, na alikuwa amekwisha kuchunguza samaki wa Ziwa Rukwa. Taarifa ya Ziwa Nyasa ilichapwa mwaka 1942, vita vikiwa vinaendelea.

Huko ziwani kuna samaki anayependwa sana aitwaye chambo. Kwa mnunuzi wa sokoni, chambo ni chambo. Lakini wavuvi walijua kwamba wapo chambo wa namna mbalimbali, na kila namna walikuwa na jina lake. Mwaka 1941 Bibi Trewavas alitoa majina ya kitaalamu kwa chambo hao. Mmoja alimwita lidole. Hilo ni jina la wavuvi wenyewe. Mwingine alimwita karongae, kwa sababu ya mji wa Karonga, ng'ambo ya mpaka kutoka Kyela. Kwa maoni yangu hapo alitenda haki. Mvuvi asiyejua kusoma alikuwa amekwisha kumtambua lidole zamani. Mtaalamu alithibitisha kwa kupima, akaandika. Siku hizi lidole ameadimika kabisa ziwani.

5. Madume watupu

Sasa tufike kwenye habari yenyewe. Isome taratibu, kwa maana inahitaji kufikiri.

Katika Mto Zambezi na mito ya kusini yake yupo perege anayeitwa mossambica, yaani wa Msumbiji. Mwaka 1939 samaki huyu alionekana katika kisiwa cha Java, mbali sana upande wa Asia. Haikujulikana nani alimpeleka. Wakati wa vita vya pili vya dunia na baada yake, alienea katika mabwawa ya Asia ya kusini-mashariki. Watu walimfurahia mwanzoni. Ni rahisi kumfuga. Anakula majani na takataka za majini, na hafi upesi.

Kisha wakaona taabu yake. Perege huyu huanza kuzaa akiwa bado mdogo. Jike hutaga mayai, huyachukua mdomoni, na hukaa nayo humo mpaka yaanguliwe. Hata watoto wakitoka, wakiona hatari hurudi kinywani mwa mama yao. Kwa hiyo watoto wengi hupona. Wakati huo mama hali, kwa hiyo hakui. Baada ya muda mfupi bwawa linajaa vijisamaki vya ukubwa wa kidole. Chakula hakitoshi, na hakuna anayekua. Mfugaji anavuta wavu, anapata debe la miiba.

Kama umewahi kuchimba bwawa la samaki, unaijua hasara hiyo. Mtu ametoa jasho miezi mingi kwa jembe na beleshi, na mwisho wake hana cha kuuza.

Katika mji wa Malacca, nchi ya Malaya, ambayo sasa ni sehemu ya Malaysia, palikuwa na kituo cha kuchunguza ufugaji wa samaki. Aliyefanya kazi hapo alikuwa Mwingereza aitwaye Bwana C. F. Hickling. Alikuwa na perege wa mossambica waliokwisha kuzoea mabwawa ya huko. Akaletewa perege wengine kutoka Unguja. Hawa wa Unguja asili yao ilikuwa bara, katika Mto Wami. Watu walikuwa wamewapeleka kisiwani. Wakati huo walidhaniwa kuwa ni mossambica vilevile, ila wa mahali pengine. Ni kama mbuzi wa Iringa na mbuzi wa Dodoma: mahali ni mbalimbali, mnyama ni mmoja.

Bwana Hickling akamchukua dume wa Unguja, akamweka pamoja na jike wa mossambica. Wakazaa. Watoto walipokua akawatazama. Wote walikuwa madume. Akarudia. Madume tena. Hapakuwa na jike hata mmoja.

Kwa mfugaji hii ilikuwa furaha kubwa. Bwawa la madume watupu haliwezi kujaa watoto. Tena dume hukua upesi kuliko jike. Bwana Hickling alichapisha habari hiyo mwaka 1960, na wafugaji wa nchi nyingi wakataka kujaribu.

Lakini kwa mtu mwenye kufikiri, palikuwa na swali. Ukimzalisha dume wa mbuzi wa Dodoma na jike wa Iringa, utapata vitoto vya kiume na vya kike, karibu sawa kwa sawa. Kwa nini samaki hawa hawakufanya hivyo? Kama kweli baba na mama walikuwa wa aina moja, majike walikwenda wapi?

6. Siri ya baba na mama

Jibu limo katika urithi. Kila kiumbe hupata kwa wazazi wake chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hubeba maagizo ya mwili: rangi, umbo, na kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Siku hizi tunaziita vinasaba.

Kwa binadamu, mbegu za mama ni za namna moja tu katika jambo hili. Mbegu za baba ni za namna mbili: moja huleta mtoto wa kiume, nyingine huleta wa kike. Kwa hiyo ni mbegu ya baba inayoamua. Mwanamume anayemlaumu mkewe kwa kuzaa wasichana watupu hajui anachosema.

Kwa kuku ni kinyume. Jogoo ana mbegu za namna moja. Tetea ndiye mwenye namna mbili. Yai la tetea ndilo linaloamua kama kifaranga atakuwa jogoo au tetea.

Sasa ikaonekana hivi. Perege wa mossambica wanafuata njia ya binadamu. Perege waliotoka Unguja wanafuata njia ya kuku. Mtaalamu mmoja aitwaye Chen alilieleza jambo hili mwaka 1969, baada ya kuwazalisha samaki hao kwa njia mbalimbali. Ukimchukua jike wa mossambica, ana mbegu za namna moja. Ukimchukua dume wa Unguja, naye ana mbegu za namna moja. Wakikutana, hakuna mwenye mbegu za namna mbili. Watoto wote wanatoka sawa, na wote ni madume.

Basi samaki hawa wawili hawakuwa kama mbuzi wa Iringa na mbuzi wa Dodoma. Tofauti yao ilikuwa ndani sana, katika urithi wenyewe.

7. Jina jipya

Mwaka 1961 Bibi Trewavas alistaafu. Umri wake ulikuwa miaka 60. Watu wengi wa umri huo hutaka kupumzika. Yeye aliendelea kwenda makumbusho, akakaa mezani pake kama kawaida, bila mshahara wa kazi ile.

Habari za Malacca zilikuwa zimefika London. Sasa tazama namna alivyofanya kazi. Hakusema kwamba kwa kuwa watoto wamekuwa madume watupu, basi mambo yamekwisha na jina jipya litolewe. Uzazi ulionyesha kwamba ipo tofauti. Haukuonyesha samaki huyu ni nani. Mvuvi aliye mtoni, au ofisa wa samaki aliye wilayani, hawezi kungoja azalishe samaki ili amtambue. Anahitaji alama ambayo anaweza kuiona au kuihesabu mwilini.

Kwa hiyo akarudi kwenye chupa. Akawatazama upya perege wa mito yote ya Afrika inayotiririka kwenda mashariki, kuelekea Bahari ya Hindi. Mito yetu imo humo: Wami, Ruvu, Rufiji, na mingine. Akahesabu miiba, magamba na pingili. Akatazama mataya, mikia, na rangi za madume wakati wa kuzaana. Mwaka 1966 alichapisha maandishi yake. Ndani yake alitoa majina mapya mawili. Moja lilikuwa la perege wa Zambezi ya kati. La pili lilikuwa la perege wa Wami, yule aliyepelekwa Unguja na kisha Malacca. Alimwita Tilapia hornorum.

Kuanzia hapo kosa likasahihishwa. Mfugaji aliyetaka madume watupu alijua amtafute nani. Akichukua perege wowote na kuwaita mossambica, hapati kitu. Ni lazima dume awe hornorum halisi, na jike awe mossambica halisi. Wakichanganyika hata kidogo, majike wanatokea tena, na bwawa linajaa vidole. Hili liliwakuta wafugaji wengi waliokuwa wavivu wa kutenga samaki wao.

Uzao wa perege huyu umefika mbali. Huko Marekani wapo perege wekundu wanaofugwa na kuuzwa kwa wingi. Wametokana na kuchanganya hornorum na mossambica. Mtu anayemla huko, sidhani kama amewahi kulisikia jina la Mto Wami.

8. Anajisahihisha mwenyewe

Bibi Trewavas hakuishia hapo. Alikuwa anaandika kitabu kikubwa juu ya samaki hawa wote. Kazi hiyo ilimchukua miaka mingi.

Zamani karibu perege wote waliwekwa katika ukoo mmoja wa Tilapia. Yeye alitazama pia namna wanavyolea watoto. Wako wanaotaga mayai juu ya mchanga au mawe na kuyalinda hapo. Wako wanaoyachukua mdomoni. Kati ya hawa wa mdomoni, wako ambao baba anashiriki, na wako ambao mama peke yake ndiye anayebeba. Aliona kwamba tabia hizi zinakwenda pamoja na tofauti za mwili. Kwa hiyo akazigawa koo. Perege wetu, ambaye mama ndiye anayebeba, akamweka katika ukoo wa Oreochromis. Jina hilo lilitolewa mwaka 1889 kwa samaki wa Ziwa Chala, karibu na Mlima Kilimanjaro.

Kitabu kilitoka mwaka 1983. Kina kurasa zaidi ya 500. Bibi Trewavas alikuwa na miaka 82.

Katika kitabu hicho alifanya jambo ambalo wasomi wengi huona aibu kulifanya. Aliirudia kazi yake ya mwaka 1966 na kuibadilisha. Baada ya kulinganisha tena, aliona kwamba perege wa Wami na perege wa Rufiji ni karibu sana, kuliko alivyofikiri. Walikuwa ndugu wa nyumba moja. Kwa hiyo hakumwacha hornorum kuwa aina ya peke yake. Alimweka chini ya jina la yule perege wa mwaka 1922, mwenye magamba ya mkia. Akamwita Oreochromis urolepis hornorum. Jina ni refu, lakini lina maana. La kwanza ni la ukoo. La pili ni la aina. La tatu ni la tawi la Wami.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Mbuyuni, perege wa Ruaha ni ndugu wa damu wa yule perege aliyewashangaza watu wa Malacca.

9. Kazi inayoendelea

Bibi Ethelwynn Trewavas alifariki tarehe 16 Agosti 1993. Umri wake ulikuwa miaka 92. Samaki mmoja mzuri wa mawe ya Ziwa Nyasa ana jina lake. Anaitwa trewavasae, na jina hilo alipewa na mtaalamu mwenzake mwaka 1956.

Wakati wake, wataalamu waliujua urithi wa samaki kwa kuwazalisha na kuhesabu watoto. Siku hizi ipo njia nyingine. Mtaalamu hukata kipande kidogo cha pezi, kama ukucha wa mtoto, na kukiweka katika spiriti. Samaki anaweza kurudishwa majini akiwa hai. Katika maabara vinasaba vya kipande hicho husomwa, kama wewe unavyosoma herufi hizi, na kulinganishwa na vya samaki wengine. Lakini kipimo cha mwili hakijaachwa. Bado watu huhesabu miiba na magamba, na bado hukifungua kitabu cha mwaka 1983.

Katika miaka ya 2010 wataalamu wa Tanzania na Uingereza walipita katika mito, maziwa na mabwawa mengi ya nchi yetu wakifanya kazi ya namna hiyo. Walikuta sato wa kigeni katika maji mengi ambayo si kwao. Wengine waliwekwa na serikali zamani ili kuongeza kitoweo. Wengine walitoroka mabwawa ya wafugaji mafuriko yalipokuja. Katika baadhi ya maji, sato na perege wa asili wamekwisha kuzaa pamoja. Watoto wa mchanganyiko huo si kama nyumbu wa punda na farasi, ambaye hazai. Wao huzaa. Na kadiri wanavyozaa, perege wa asili anapungua mpaka hatambulikani tena.

Hayo yakitokea katika mto mzima, hakuna wa kuwarudisha nyuma. Mfugaji anayetaka perege halisi kwa ajili ya mbegu hatampata. Ndiyo maana maofisa wa uvuvi huwaomba watu wasiletе vifaranga vya samaki kutoka mbali bila kuuliza, na wasichimbe bwawa mahali ambapo mafuriko ya mto hufika.

Ukitaka kuanza kumjua perege wako, anza na mkia. Chukua samaki mbichi aliyetoka mtoni, umwoshe, umnyoshe pezi la mkia juu ya kiganja, na umpeleke kwenye mwanga. Tazama kama yapo magamba madogo yaliyopanda juu ya pezi. Kisha hesabu miiba ya mgongo, ukianzia karibu na kichwa, na uandike hesabu yako katika daftari, pamoja na tarehe na jina la mahali ulipomvua.